Uanze na waraka upi? 3 Yohana, Filemoni, Warumi na barua za Ignasi zikilinganishwa

Mwaka jana nilikabidhiwa vipindi vinne vya darasa la vijana kanisani kwetu, mada ikiwa jinsi Wakristo wa kwanza walivyoandikiana barua. Nikaanza na Warumi, kwa kuwa ndio mkubwa na ndio kila mtu anautaja. Tulipofika sura ya 3 wengine walikuwa wameshainamia simu, na sura ya 16, ambako mambo ya uandishi ndiko yalikojaa, hatukuifikia kabisa.

Tangu hapo walimu wenzangu wameniuliza zaidi ya mara moja: basi mtu aanze na upi? Inategemea unataka darasa lako lione nini. Barua ya wakati ule haikuwa kazi ya mtu mmoja kama meseji. Palikuwa na mwenye maneno, mwenye kalamu, mwenye miguu ya kuipeleka, na mwenye sauti ya kuisoma mbele ya watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Kila waraka huwaonyesha baadhi ya hao na kuwaficha wengine. Kwa hiyo nimeziweka nne ubavu kwa ubavu: 3 Yohana, Filemoni, Warumi, na zile barua saba za askofu Ignasi wa Antiokia, ambazo nazihesabu kama fungu moja. Tatu za mwanzo zimo katika Biblia uliyo nayo nyumbani. Za Ignasi itakubidi uzitafute katika mikusanyo ya maandishi ya Mababa wa Mitume, yaani waandishi Wakristo waliofuata mara baada ya mitume.

Barua ya kupimia

Huwezi kusema nguo ni ndefu kama hujui urefu wa mvaaji. Kabla ya nyaraka zenyewe, tafuta barua moja ya mtu wa kawaida. Mimi hutumia ya Apion, kijana wa Filadelfia katika Fayumu, Misri, karne ya 2. Alijiunga na jeshi la majini la Roma, akafika kambi ya Misenum huko Italia, akamwandikia baba yake Epimachus. Barua yenyewe imehifadhiwa Berlin.

Anaanza kwa jina lake, halafu jina la baba yake, halafu salamu nyingi. Kabla ya yote anamwombea baba afya njema, pamoja na dada yake, binti wa dada, na kaka yake. Anamshukuru Serapis, mungu wake, kwa kumwokoa baharini alipokuwa hatarini. Ndipo habari: amepokea vipande vitatu vya dhahabu kutoka kwa Kaisari kama posho ya safari, amepewa jina jipya la Kirumi, Antonius Maximus, na amempa Euctemon picha yake ndogo aipeleke nyumbani. Mwishoni, nisalimie fulani, nisalimie na fulani.

Aliyewahi kuandika barua ya Kiswahili enzi za stempu hapa hahitaji mwalimu. Kwa baba mpendwa, salamu nyingi. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu mlio mbali. Halafu habari, halafu ombi la pesa, halafu nisalimie shangazi, nisalimie na wote wanaonijua, mpaka maneno yanapanda kwenye ukingo wa karatasi. Nikiwasomea vijana barua ya Apion bila kuwaambia ni ya lini, hudhani ni ya babu wa mtu aliyekwenda kufanya kazi mjini.

Apion hakuwa Mkristo, na hapo ndipo faida yake ilipo. Anakuonyesha kiunzi ambacho Paulo alikikuta tayari: jina la mtumaji, jina la mpokeaji, salamu, dua ya afya au shukrani, jambo lenyewe, salamu za watu, kwaheri. Neno la kawaida la salamu kwa Kigiriki lilikuwa *khairein*, yaani furahini, na Waraka wa Yakobo unalitumia vilevile lilivyo. Paulo analiacha na kuchukua neno linalofanana nalo kwa sauti, *kharis*, neema, akaliunganisha na amani, salamu ya Kiyahudi. Msikilizaji wa kwanza alitarajia neno moja akasikia jingine. Na urefu? Barua nyingi za Misri za wakati huo hazifiki hata maneno 100. Ikumbuke namba hiyo tukifika kwa Warumi.

3 Yohana: vifaa vinaonekana

Kwa Kigiriki una maneno kama 220, ndio mfupi kuliko vitabu vyote vya Agano Jipya, na unatosha kwenye ukurasa mmoja wa mafunjo. Kati ya hizi nne, ndio pekee ambao Apion angeutambua mara moja kuwa ni barua kama zake: mzee anamwandikia Gayo, anamwombea afya, anafurahia habari njema aliyoletewa, anamlalamikia Diotrefe, anamsifu Demetrio, anaaga na kutuma salamu. Ukisomwa kwa sauti ya kawaida, chai haijapoa.

Kinachonivutia mimi ni sentensi ya kuagia. Mzee anasema ana mengi lakini hataki kuyaandika kwa wino na kalamu. Atakuja waongee ana kwa ana. Katika 2 Yohana anasema karibu yale yale, ila hapo anataja karatasi na wino. Sasa tazama maneno yenyewe. Kwa Kigiriki kalamu ni *kalamos*, tete, na karatasi ni *khartes*. Maneno hayo yaliingia Kiarabu yakawa *qalam* na *qirtas*, na kwa Kiarabu yakafika pwani yetu. Mtafsiri wa Biblia ya Kiswahili alipoandika kalamu na karatasi alikuwa anarudisha maneno ya mzee yule yule, yakiwa yamezunguka dunia. Waambie vijana hivyo uone kama simu hazitawekwa chini.

Na vitu vyenyewe si vya kigeni. Karatasi ile ilitokana na mafunjo, mmea ule ule unaoota kandokando ya Ziwa Viktoria. Bua lilipasuliwa vipande vyembamba, vikapangwa sambamba, juu yake vikapangwa vingine vya kukata, vikabanwa na kukaushwa juani. Kurasa ziligandishwa ubavu kwa ubavu hadi zikawa gombo, na Plinio Mkubwa, mwandishi Mroma aliyeeleza kazi hiyo katika karne ya 1, anasema gombo halikuzidi kurasa 20. Wino ulikuwa masizi, gundi ya mti na maji. Kalamu ilikuwa tete lililochongwa ncha na kupasuliwa katikati. Barua ikiisha ilikunjwa, ikafungwa kwa uzi, ikapigwa muhuri, na jina la mpokeaji likaandikwa kwa nje. Bahasha ilikuwa barua yenyewe.

Darasa la watoto wanaweza kuitengeneza yote hiyo Jumamosi moja. Masizi ya sufuria, gundi, tete la bondeni. Tahadhari, nguo nyeupe wasivae.

Kasoro ya 3 Yohana ni kwamba mwenye kalamu haonekani. Mzee anaongea kana kwamba kalamu ni yake mwenyewe, na huenda ilikuwa yake. Mwenye miguu anaonekana kwa mbali: sifa anazopewa Demetrio zinafanana mno na zile walizopewa wapeleka barua ili wapokelewe vizuri mwisho wa safari. Na ugomvi wenyewe ni wa wasafiri hao hao. Diotrefe anakataa kuwakaribisha ndugu wanaopita na anawafukuza wanaotaka kuwakaribisha. Mahali pasipokuwa na posta ya watu wote, anayewafungia wageni mlango anakata mawasiliano ya makanisa yote yaliyo mbele yake.

Filemoni: mkono wa mwenyewe

Maneno 335 hivi. Watu wengi huuita barua ya faragha, na hilo si kweli. Mtazame mpokeaji: Filemoni, ndiyo, lakini pia Afia, Arkipo, na kanisa linalokutana nyumbani kwake. Paulo anaandika kuhusu Onesimo, mtumwa wa Filemoni anayemrudisha kwake, halafu anahakikisha barua itasomwa mbele ya jirani zake wote. Ukiwa umekaa pale sebuleni, macho ya kutaniko yamekuelekea, na Onesimo mwenyewe amesimama mlangoni kwa sababu ndiye aliyerudishwa, utasema nini?

Mlinganisho mzuri ni barua ya Plinio Mdogo, mpwa wa Plinio Mkubwa, kwa rafiki yake Sabinianus, nayo ya kumwombea msamaha mtu wa chini, mtumwa wa zamani aliyeachwa huru. Plinio anaandika kama muungwana kwa muungwana: amekuja kwangu analia, nimemkemea, nakuomba umsamehe, ingawa nimemwambia sitamwombea tena. Ni barua safi, na yote ni ya watu wawili. Paulo haombi hivyo. Anataja uzee wake na minyororo yake, anamwita Onesimo mwanawe, halafu anafika kwenye hesabu: kama anadaiwa kitu, niandikie mimi. Hapo anachukua kalamu. Mimi Paulo naandika kwa mkono wangu mwenyewe, nitalipa.

Sentensi hiyo si pambo. Hati ya deni wakati ule ilikuwa na nguvu ikiandikwa kwa mkono wa mdaiwa, na jina lake kwa Kigiriki, *kheirografon*, maana yake ni maandishi ya mkono. Paulo amegeuza kipande cha barua kuwa hati ya deni. Halafu, kwa upole ule ule, anaomba aandaliwe chumba cha wageni. Yaani anakuja kuona mambo yalivyokwenda. Mimi huwaambia vijana kwamba hapa hakuna hata neno moja la ukali, na bado sijui mtu angeponyokaje.

Kuandika mstari wa mwisho kwa mkono wako baada ya mwandishi kumaliza kazi yake ilikuwa desturi ya watu wote. Mfano ninaoupenda hauna uhusiano na kanisa: huko Vindolanda, ngome ya Kirumi kaskazini mwa Uingereza, palifukuliwa vibao vyembamba vya mbao vilivyoandikwa kwa wino mnamo mwaka 100. Kimojawapo ni mwaliko wa siku ya kuzaliwa, kutoka kwa Claudia Severa kwenda kwa Sulpicia Lepidina. Mwandishi ameandika kwa hati nzuri, na mwishoni yumo mwanamke mwenyewe kwa hati yake isiyokaa sawa, akimwita rafiki yake dada na roho yake. Ni kati ya maandishi ya Kilatini ya kale zaidi yanayojulikana kutoka kwa mkono wa mwanamke.

Ukipendelea kuonyesha mkono wa Paulo bila habari za utumwa, ambazo darasa lenye umri mchanganyiko linaweza kupata shida nazo, chukua mwisho wa Wagalatia, anapowaambia watazame ukubwa wa herufi zake. Au chukua 2 Wathesalonike, ambako salamu ya mkono wake inaitwa alama ya kila waraka, na sura ya 2 inataja hofu ya waraka unaodaiwa kutoka kwao. Kughushi barua si uvumbuzi wa juzi. Ila hivyo ni vipande tu. Filemoni ni barua nzima ambayo mkono umekaa katikati ya hoja.

Warumi: mwenye kalamu anajitokeza

Sasa lile jabali langu. Maneno zaidi ya 7,000, yaliyoandikwa Korintho mnamo mwaka 57. Ukiuweka kando ya barua za kawaida za wakati wake ni kama meli ya mizigo kando ya mtumbwi. Cicero, mwanasiasa wa Roma aliyeandika barua nyingi mno, hakuzoea kuandika za urefu huo. Kwa hiyo ukitaka kuonyesha jinsi barua ya kawaida ilivyokuwa, Warumi ndio mfano mbaya kuliko yote.

Lakini ukitaka kuonyesha mwandishi, hauna mpinzani. Katika sura ya 16, katikati ya salamu, sauti inabadilika ghafla: mimi Tertio, niliyeuandika waraka huu, nawasalimu. Katika nyaraka zote zenye jina la Paulo, hapa tu ndipo mwandishi anapoinua kichwa na kusema neno lake. Sura 15 umekuwa ukimsikia Paulo, na muda wote huo ulikuwa unatazama hati ya mtu mwingine.

Tertio alifanya kazi vipi? Cicero anatupa njia mbili kwa mkupuo. Anasimulia kwamba Tiro, katibu wake aliyezoea, aliweza kufuata sentensi nzima nzima, lakini barua moja nyeti alimsomea Spintharus, silabi moja moja. Kasi ya Tiro ilihitaji mafunzo. Kuna mkataba wa mwaka 155 kutoka Oxyrhynchus, Misri, ambamo mtu anamkabidhi mtumwa wake, Chaerammon, kwa mwalimu wa hati mkato ajifunze kwa miaka miwili. Ada ilikuwa drakma 120 kwa awamu tatu: 40 zimeshalipwa, 40 kijana akishazijua alama, na 40 za mwisho akiweza kuandika na kusoma bila kosa. Anayelipa karo kwa muhula asome mkataba huo. Mwalimu hakumaliziwa mpaka mwanafunzi aweze.

Kuhusu bei, amri ya bei ya Kaisari Diokletiano ya mwaka 301 iliweka ujira wa mistari 100 ya hati bora kuwa dinari 25, na ya daraja la pili dinari 20. Kibarua wa shambani katika amri hiyo hiyo alilipwa dinari 25 kwa siku, na chakula juu. Dinari ya mwaka 301 ilikuwa imeporomoka mno, usiipeleke moja kwa moja kwenye siku za Paulo, ila ulinganifu unasaidia: mistari 100, siku moja ya jembe. Warumi kwa hesabu ya mistari ya kale ni karibu 1,000. Hizo ni siku kumi za jembe kwa nakala moja, bila karatasi, na kabla ya mtu yeyote kupanda chombo.

Aliyepanda chombo anatajwa mwanzoni mwa sura hiyo hiyo: Fibi, mtumishi wa kanisa la Kenkrea, bandari ya mashariki ya Korintho. Paulo anawaomba wampokee na kumsaidia katika lolote atakalohitaji, na hivyo ndivyo mpeleka waraka alivyotambulishwa. Mpeleka waraka hakuwa tarishi tu. Waraka kwa Wakolosai unasema wazi kwamba Tikiko atawaeleza habari zote za Paulo. Maswali ya waliosikiliza yalimwangukia aliyeleta. Jaribu kuwaza maswali ya Warumi sura ya 9 yakimwangukia Fibi, bado ana vumbi la safari.

Kwa hiyo Warumi una mwenye kalamu, una mwenye miguu, na una msururu wa salamu za watu zaidi ya 20 kwa majina, kitu ambacho Apion angekielewa vizuri sana. Kasoro yake ni kwamba hazina yote iko mlango wa nyuma.

Ignasi: barua zikikimbizana na mwandishi wake

Kwa mapokeo, askofu Ignasi alikamatwa Antiokia wakati wa Kaisari Trajano, mwanzoni mwa karne ya 2, akapelekwa Roma kutupwa kwa wanyama. Njia nzima alilindwa na askari kumi ambao yeye mwenyewe aliwaita chui. Huko Smirna msafara ulituama, wajumbe wa makanisa ya jirani wakaja kumwona, naye akaandika barua kwa Efeso, Magnesia, Trali na Roma. Walipofika Troa akaandika tatu zaidi: kwa Filadelfia ya Asia, kwa Smirna, na kwa askofu Polikarpo wa Smirna. Alitaka kuyaandikia na makanisa mengine lakini amri ilikuja ghafla ya kuvuka kwenda Neapoli ya Makedonia, ndipo akamwomba Polikarpo amwandikie hizo zilizobaki.

Hakuna fungu jingine linaloonyesha miguu vizuri namna hii. Barua ya kwenda Roma ina tarehe, 24 Agosti, na ilibidi imtangulie mwandishi wake, kwa sababu ndani yake anawasihi Wakristo wa Roma wasijaribu kumwokoa. Ikichelewa, haina kazi. Katika zile za Troa anamtaja Burus, ambaye anasema anaandika kupitia kwake na ambaye makanisa ya Efeso na Smirna walimtoa awe naye. Makanisa ndiyo yaliyogharimia watu, chakula na safari.

Hapa ndipo pa kuwaeleza vijana habari ya posta. Roma ilikuwa na mfumo mzuri wa farasi na vituo tangu enzi za Augusto, lakini ulikuwa wa serikali, na kibali kilihitajika. Plinio Mdogo, akiwa gavana wa Bithinia, alimpa mkewe kibali cha kusafiria kwa sababu babu yake amefariki, kisha akaona ni lazima amwandikie Trajano mwenyewe kujieleza. Kama gavana alitoa maelezo kwa ajili ya mkewe, mtengeneza mahema kama Paulo asingeukaribia. Watu wa kawaida waliangalia nani anasafiri, kama sisi tulivyompa kondakta wa basi barua na kumsihi asiisahau. Na baharini kulikuwa na majira yake. Wapwani wanaojua kaskazi na kusi hawahitaji kuelezwa kwa nini kuanzia Novemba hadi mapema Machi nahodha wa Mediterania hakung'oa nanga kwa hiari.

Tena fungu hili linaonyesha jambo ambalo hayo mengine matatu hayaonyeshi: nakala. Wafilipi walimwomba Polikarpo barua za Ignasi, naye akawapelekea zote alizokuwa nazo, zikiwa zimeambatanishwa na barua yake mwenyewe. Huenda nyaraka za Paulo nazo zilikusanywa hivyo. Kitabu cha mafunjo cha mnamo mwaka 200, ambacho leo kurasa zake zimegawanyika kati ya Dublin na Ann Arbor, tayari kimezipanga pamoja, Warumi ukiwa wa kwanza kwa urefu wake.

Ugumu wa Ignasi ni lugha yake. Anapanda na kushuka, anarundika mifano, na hamu yake ya kufa huwatisha wasikilizaji wapya. Niliwahi kuisoma ile barua yake ya kwenda Roma usiku na watu hawakuuliza swali hata moja.

Zile nilizoziacha

Waebrania hauna jina la mtumaji wala salamu ya mwanzo. Ni hotuba iliyobandikwa mkia wa barua. 1 Yohana hauna mwanzo wala mwisho wa barua. Waraka wa Klementi, ulioandikwa na kanisa la Roma kwa kanisa la Korintho mnamo mwaka 96, unafaa kuonyesha kutaniko likiwa ndilo mtumaji, na unawataja waliotumwa nao, Klaudio Efebo, Valerio Bito na Fortunato, ila una sura 65 na wapelekaji wanatajwa katika ya mwisho. Nilishajifunza somo hilo kwa Warumi.

Mbili ndogo nimezibakiza pembeni kama viungo. Moja ni ya Augustino kwa Romanianus, karibu mwaka 390, kutoka Thagaste, Afrika Kaskazini. Anaomba radhi kwa kuandika kwenye ngozi: mafunjo yamemwishia, na vibao vyake vya pembe za ndovu amempelekea mjomba wa Romanianus vikiwa na barua. Kama kuna vibao vyangu huko, anasema, tafadhali nirudishie. Mtakatifu mkubwa wa Kanisa, anadai vibao. Ukitaka kulinganisha mafunjo, ngozi na kibao ndani ya dakika tano, hiyo inatosha. Ya pili iko Basel, Uswisi, ya miaka ya 230 hivi, na ndiyo ya kale zaidi kati ya barua binafsi za Wakristo zinazojulikana kwa maandishi yake halisi. Arrianus anamwandikia ndugu yake aitwaye Paulo (si yule mtume), anauliza hali, anazungumzia uteuzi wa watu katika vyeo vya mji, na anaagiza mchuzi wa maini ya samaki. Ukristo wake unaonekana katika maneno mawili ya kuagia, katika Bwana, neno Bwana likiwa limefupishwa kwa namna waliyoizoea Wakristo tu.

Sasa chagua

Una saa moja tu, na watu ambao hujawazoea? 3 Yohana, ikitanguliwa na Apion. Huwezi kukosea, na masizi yatakusaidia.

Una watu wazima wanaojua madeni, kesi na vikao vya familia? Filemoni, na usiwaharakishe. Mpe mmoja awe Filemoni, mmoja Onesimo, mmoja asome, wengine wakae kimya wamwangalie. Kati ya nne hizi ndio ninaoupenda kuliko yote, na kama ningelazimika kubaki na mmoja ningeubakiza huu, ingawa hauna Tertio.

Una wasomaji wazoefu, au wanafunzi wa chuo cha Biblia wanaotaka kujua Paulo alifanyaje kazi? Warumi, lakini sura ya 16 peke yake, pamoja na mkataba wa Chaerammon na amri ya Diokletiano. Una wapenzi wa historia na ramani ukutani? Ignasi, na uwape uzi na pini wafuate njia kutoka Antiokia hadi Smirna, Troa na Neapoli, ila barua ya kwenda Roma isomwe mchana.

Mwaka huu nimepewa tena vipindi vinne. Nimempanga Gayo na masizi yake wa kwanza, Filemoni wa pili, chui kumi wa tatu. Warumi nimeuweka wa nne, tunaanza na sura ya 16 tukirudi nyuma, na msichana mmoja wa darasa amekubali kuwa Fibi na kujibu maswali.